Mwalimu Mutindi na Korti ya Zamani ya Kajiado

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo, walimu, majirani wa Kitengela na ninyi mliosafiri kutoka Mwala tangu alfajiri, familia ya Mzee Samuel Meitamei inawaambia asante, kwa maana tunajua kila mmoja ameacha jambo nyumbani, na wafugaji walio hapa wameacha ng'ombe ambao kwa ukame wa mwaka huu hawainuki asubuhi mpaka washikwe mkia, lakini mmekuja, na tutakayoyasoma sasa ni maisha ya mama yetu, Mwalimu Tabitha Mutindi Ndeti, jinsi tulivyoyaona sisi na jinsi alivyotusimulia mwenyewe.

Mwalimu Mutindi alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 huko Mwala, Machakos, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Ndeti Mwololo na marehemu mama Kaluki. Baba yake alikuwa mwashi, mtu wa kuondoka nyumbani miezi mingi akifuata kazi ilipo, na katika ujana wake, mwaka 1931, alikuwa miongoni mwa mafundi waliojenga korti ya Kajiado, lile jengo la mawe ya kijivu karibu na reli, lenye veranda pana mbele na chumba cha mahabusu nyuma. Mutindi alipokuwa na umri wa miaka minane baba yake alisafiri naye kwenda kumwona shangazi aliyekuwa mgonjwa, na walipofika Kajiado alimshika mkono, akamsimamisha ng'ambo ya barabara, akamwonyesha lile jengo na kumwambia kwa Kikamba kwamba nyumba ile aliijenga yeye kwa mikono yake, na sasa serikali inakaa ndani. Mtoto akauliza kama wanaweza kuingia waione, baba akacheka, akamwambia watu hawaingii mle kwa kupenda. Mama alikuwa akisema kwamba yeye, kama watoto wote, alibeba nusu ya kwanza ya maneno hayo akaitunza kama mali, na nusu ya pili ikamdondoka njiani.

Alianza masomo mwaka 1955 katika shule ya misheni karibu na kwao, akaendelea na shule ya upili ya wasichana huko Machakos, ambako alipenda historia kwa sababu, kama alivyotueleza, lilikuwa somo pekee ambalo mtu aliweza kuuliza "halafu?" bila kuambiwa anyamaze. Mwaka 1967 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1969, na mwezi wa Januari 1970 alipangiwa kufundisha Kajiado, jambo lililomliza mama yake Kaluki, kwani wakati huo Mkamba wa Mwala alipotaja Umasai alikuwa anakumbuka mambo ya ng'ombe walioporwa tangu enzi za mababu, na hakuna aliyetaka binti yake akaishi huko. Baba yake peke yake ndiye aliyefurahi. Alimsindikiza mpaka stendi, akamwambia asiogope, huko kuna nyumba inayomjua.

Alifundisha Historia na Kiswahili kwa miaka thelathini na mitatu, karibu yote hapo hapo Kajiado, na waliopita mikononi mwake wako hapa leo wakiwa wauguzi, wakulima wa vitunguu kule Kimana, maaskari, wachungaji, wenye maduka, na hata wale waliokuwa wanatoroka kipindi chake cha saa nane wamekuja, Mungu awabariki, maana aliwajua wote kwa majina. Hakuwa mwalimu wa kiboko. Adhabu yake ilikuwa kumtuma mwanafunzi nyumbani akamuulize nyanya yake swali moja na kurudi na jibu, na wengi wenu mnakumbuka kwamba kiboko kingekuwa rahisi zaidi.

Ni hapo Kajiado alipokutana na kijana Samuel Meitamei, ofisa wa mifugo, aliyekuwa akija shuleni kuwachanja ng'ombe wa maziwa wa shule, na baadaye akawa anakuja hata baada ya ng'ombe wote kuchanjwa. Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Aprili 1973, baada ya mazungumzo marefu ya familia mbili ambazo hazikuwa na lugha moja ya kuelewana isipokuwa Kiswahili cha kuungaunga, ambapo wazee wa Mwala walikaa upande mmoja na wazee wa Isinya upande mwingine, wote wamekunja uso, hadi mama mzazi wa Meitamei alipomaliza kumtazama yule msichana kuanzia kichwani hadi miguuni na kusema, "Huyu anacheka vizuri, mleteni." Mungu aliwajalia watoto watatu, Soipan aliyezaliwa mwaka 1974, Ndeti aliyepewa jina la babu yake fundi mwaka 1977, na Nalotuesha mwaka 1982. Alijifunza Kimaa kwa bidii kubwa na makosa mengi, na hadi mwisho wa maisha yake mashemeji walikuwa wakimtaka arudie maneno fulani ili wapate kucheka, naye alikuwa anayarudia. Nyumbani kwake mlikuwa na muthokoi wa mahindi wa Ukambani na maziwa ya kibuyu ya Kimasai juu ya meza moja, na mgeni hakuulizwa anakula kipi, aliwekewa vyote.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wanamkumbuka kwalo, na ambalo yeye mwenyewe hakupenda lisimuliwe kama sifa yake.

Mwaka 1993, akiwa darasani na kidato cha pili, aliwauliza wanafunzi kitu gani ndicho cha zamani zaidi katika mji wa Kajiado, na kijana mmoja akanyoosha mkono akajibu kwa uhakika, "Petroli stesheni, mwalimu." Alicheka mpaka akakaa, lakini jioni alipofika nyumbani hakuwa anacheka tena, akamwambia mumewe kwamba hawa watoto wataenda kuongoza nchi ambayo wanadhani ilianza na pampu ya mafuta. Na haikupita mwaka, habari zikaenea kwamba korti ya zamani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imefungwa na popo wamejaa darini, itabomolewa ili mwekezaji fulani ajenge maduka ya ghorofa mbili. Mwezi wa Machi 1994 ukaitishwa mkutano wa wananchi mbele ya jengo lenyewe, na Mwalimu Mutindi akaenda akiwa amevaa ile suti yake ya samawati ya siku za mitihani.

Alizungumza vizuri, wote waliokuwapo wanasema hivyo, akaeleza jinsi mawe yale yalivyochongwa kwa mkono, akasema baba yake alikuwa mmoja wa waliolijenga, akasema kwamba nchi changa kama yetu ikiangusha kila kilichoitangulia itafika mahali haijui imetoka wapi wala ni ya nani, na watu wakampigia makofi. Ndipo akaomba kusema Mzee Kasaine, ndugu mkubwa wa baba yake Meitamei, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye alikuwa amesimama mbali, nyuma ya umati, ng'ambo ya reli, na hakusogea karibu hata alipopewa nafasi ya kusema.

"Mwalimu amesema vizuri," akasema. "Baba yake alijenga. Mwenye alifungwa ndani ni mimi. Sasa mimi niko na swali moja. Hiyo historia ni ya nani? Kama ni yangu, mimi naipatia tingatinga."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika katikati, kwa kuwa mzee hakuwa anacheka, na Mwalimu Mutindi alikaa chini. Yule, kwa desturi, alikuwa baba mkwe wake. Kwa karibu miaka ishirini na mmoja ya ndoa alikuwa amemhudumia chai, amemuuguza malaria, amemsalimia kwa heshima, na hakuwahi kujua. Alitembea hadi nyumbani, na alipofika alimwambia mumewe, "Nimesimama mbele ya watu nikaisifu fimbo iliyompiga mzee."

Mzee Meitamei, aliyekaa hapa mbele yetu, alimjibu maneno ambayo tumeyaweka moyoni. Alimwambia, "Usikimbilie kuomba msamaha. Nenda kwanza umsikize."

Jumamosi iliyofuata alikwenda Isinya, akabeba majani ya chai, sukari na ugoro, akamkuta mzee amekaa mbele ya nyumba akiangalia mbuzi. "Takwenya, Ngoto Soipan," mzee akamsalimia, akimwita kwa jina la mtoto wake kama ilivyo desturi, naye akaitikia, "Iko," akavuta kigoda akaketi, na hakusema kilichomleta. Chai ikanyweka. Mbuzi wakarudi. Mzee akaanza kuongea mwenyewe.

Alisema kwamba mwaka 1939, akiwa morani, alikataa kupeleka ng'ombe wa baba yake kwenye mnada wa lazima, akakamatwa, akahukumiwa katika chumba cha mbele na kufungiwa katika chumba cha nyuma. Kufungwa hakukumuuma sana, alisema, mtu anafungwa, anatoka. Kilichomuuma ni kwamba askari walimkalisha kwenye ile veranda, mbele ya watu wa soko, wakamnyoa nywele zake, nywele ndefu za morani zilizosukwa na kupakwa ngeu, ule udongo mwekundu, ambazo kwa desturi hunyolewa na mama wa morani kwa mkono wake, siku yake, kwa baraka, na askari mmoja akazifagia kama takataka. "Niliingia na nywele yangu," akasema, "nikatoka kichwa kama ya mbuni." Aliporudi kwao, wenzake hawakumcheka. Waligeuza nyuso pembeni, na hilo ndilo lililokaa ndani yake. Mama yake aliishi miaka mingine tisa na hakuwahi kuitaja siku ile, lakini pia hakuna aliyefanyiwa sherehe ya kunyolewa katika boma lile bila yeye kuondoka na kwenda kukaa mtoni. Na tangu wakati huo Mzee Kasaine hakupita barabara ile. Alipokwenda sokoni Kajiado alizunguka, jua kali au mvua, na watu walidhani ni mazoea tu ya mzee.

Mwisho mzee ndiye aliyemuuliza.

"Baba yako, hiyo wakati anajenga, alijua ni jela anajenga?"

"Alijua, papa," akajibu, akimwita baba kwa Kimaa. "Nilikuwa mdogo, nikamuuliza kama tunaweza kuingia. Akaniambia watu hawaingii humo kwa kupenda. Mimi hiyo sehemu nilikuwa nimeisahau. Leo ndiyo imenirudia, hapa, ukiongea."

Mzee akaanza kucheka, taratibu, mpaka akakohoa. "Basi huyo Mkamba alikuwa mtu wa ukweli," akasema. Na baada ya kuvuta ugoro wake akaongeza kwamba kuna jambo moja linalomsumbua, kwamba wajukuu wake akiwaeleza habari hizi wanamsikiliza kama wanavyosikiliza hadithi za fisi, wanataka kulala usingizi.

"Sasa, papa, ikibomolewa, watakuamini na nini?" Mwalimu akamuuliza. "Hukumu yako iliandikwa, pengine iko Nairobi kwa kabati. Maneno yako wewe hayakuandikwa mahali."

"Ikibaki, nani atawaeleza? Wewe?"

"Hapana. Mimi nilikuwa naeleza mawe. Utawaeleza wewe."

Mzee alimsindikiza mpaka kwenye mti wa mwisho wa boma, jambo ambalo baba mkwe hamfanyii mke wa mtoto, na pale akamwambia kwamba atafikiria, lakini akikubali, mlango wa kile chumba cha nyuma lazima uondolewe, usifungwe tena kwa mtu yeyote wala kwa sababu yoyote.

Wiki mbili baadaye, kabla uamuzi wowote haujatangazwa, Mwalimu Dalmas, aliyekuwa naibu wa mkuu wa shule, aliingia darasani kwa Mwalimu Mutindi akihema na kumwambia kwamba kuna vibarua juu ya paa la korti wanang'oa mabati. Aliweka chaki chini. Hakuwaambia wanafunzi wamfuate, lakini walimfuata, kidato cha tatu chote, na Mwalimu Dalmas akawafuata akisema atakuja kueleza nini kwa mkuu wa shule, na alipofika akakaa nao. Walikaa kwenye veranda huku misumari ikidondoka karibu yao. Msimamizi wa vibarua akawaamuru waondoke, akasema ataita polisi, akasema watoto wa shule wanatumiwa vibaya, na Mwalimu Mutindi akamjibu kwa upole kwamba hiki ni kipindi cha Historia na bado dakika ishirini kiishe.

Wakati huo watu waliokuwa sokoni wakaanza kugeuka kutazama barabarani, kwa sababu Mzee Kasaine, aliyekuwa sokoni siku hiyo akasikia habari, alikuwa anakuja. Hakuzunguka. Alikuja katikati ya ile barabara, fimbo mkononi, shuka yake nyekundu begani, akavuka reli, akapanda ngazi, na pale pale aliponyolewa akaketi, akawageukia wanafunzi na kuanza kusimulia. Wanaosema kwamba alipiga kelele wanaongeza chumvi, alisimulia kwa sauti ya chini, na waliokuwa nyuma ilibidi wasogee. Kibarua mmoja akachungulia kutoka juu ya paa akauliza, "Mzee, sasa tutabomoa aje na wewe uko hapo?" na mzee akamwambia, "Shuka usikie, hata wewe ni mtoto wa mtu." Wakashuka. Mmoja wao, kijana wa kutoka upande wa Kakamega aliyekuwa amekuja kutafuta kazi ya mawe, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba babu yake alilala katika nyumba kama hii kule kwao, kwa ajili ya kodi ya kibanda, na kwao ile nyumba ilishavunjwa, na yeye hana mahali pa kumwonyesha mtoto wake.

Paa halikuguswa tena. Mazungumzo yalichukua mwaka mzima na zaidi, na tunawashukuru viongozi waliokubali kubadilisha mpango na kumpa mwekezaji kiwanja kingine ng'ambo ya soko, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwao kukataa. Tarehe 20 Julai 1996 korti ya zamani ilifunguliwa kuwa chumba cha kusomea cha wananchi, na asubuhi ya siku hiyo, kabla wageni hawajafika, fundi aliung'oa ule mlango wa mahabusu huku Mzee Kasaine akisimama kando kuhakikisha. Ulipotolewa, mzee aliingia ndani peke yake. Akakawia humo, hadi Mwalimu Mutindi akaingiwa na hofu na kutaka kumfuata, na ndipo sauti ikatoka ndani ikisema, "Ngoto Soipan! Hii chumba ni ndogo! Mimi miaka hii yote nilikuwa nafikiri ni kubwa." Akatoka mwenyewe, akiinama kidogo mlangoni, akaomba chai.

Kwa miaka mitano baada ya hapo alikuwa akifika kila Jumatano kuzungumza na wanafunzi waliotoka Namanga, Machakos, Nyeri, Kisii na kwingineko, mpaka alipoaga dunia mwaka 2001, na mama yetu alipoulizwa na watu wa magazeti ni nani aliyeliokoa lile jengo alimtaja Mzee Kasaine. Kwetu sisi watoto alisema jambo moja tu. Alisema, ninyi babu yenu mzaa mama aliijenga, na babu yenu mwingine alifungiwa ndani yake, msikubali mtu awaambie nchi hii ni ya upande mmoja.

Mwaka 2003 alistaafu, wakahamia hapa Kitengela, mahali ambapo alikuwa akisema kila nyumba bado inanuka saruji. Alipenda mji huu hivyo hivyo, kelele za pikipiki, vumbi la machimbo, wapangaji kutoka kila pembe ya Kenya wasiojua jina la jirani, na hakukaa mwaka kabla ya kugundua kwamba kitu cha zamani zaidi katika mtaa wetu ni kanisa la mabati lililojengwa mwaka 1989 na wachimba mawe na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Kanisa lilipoamua kujenga la mawe, Mzee Githongo, mwenyekiti wa ujenzi, alipendekeza la mabati liuzwe kama vyuma chakavu, na Mwalimu Mutindi akasimama kumpinga. Mzee Githongo yuko hapa na ametupa ruhusa kusema kwamba alimwambia, "Mwalimu, hii si korti, hii ni mabati tu," naye akamjibu, "Hata korti ilikuwa mawe tu." Wakabishana kwa wiki tatu, wakipelekeana maembe katikati ya ubishi, na mwishowe la mabati likabaki kuwa shule ya chekechea na ukumbi wa akina mama.

Ni katika ukumbi huo, mapema mwaka 2008, nchi yetu ilipotikisika baada ya uchaguzi na majirani wakaanza kutazamana kwa macho ambayo hatukuyajua, mama yetu na jirani yetu mama Jane Achola walipofungua milango na kuweka sufuria ya uji mchana kutwa, wakawaita wote, Waluo, Wakikuyu, Wamasai, Wakamba, Waluhya, waje na watoto wao wakae mahali pamoja. Hakutoa hotuba. Aliwaonyesha majina ya wale waliochanga mabati ya kwanza, yaliyoandikwa kwa rangi ukutani mwaka ule wa 1989, akamwomba kila mtu amtafute wa kwao, na karibu kila mmoja akampata. Mama Jane amesema, na tunamnukuu, "Nilikuwa nimefunga mizigo. Nilifungua mizigo kwa sababu ya ule ukuta." Katika mtaa huu hakuna nyumba iliyoguswa, na tunamrudishia Mungu shukrani kwa hilo mbele yenu.

Tayari mwezi wa Septemba 2007 alikuwa ameanza kulalamika kwa uchovu na kuvimba miguu, na vipimo vikaonyesha kwamba figo zake zimedhoofika. Tangu mwaka 2008 alikuwa anasafishwa damu Nairobi mara mbili kwa wiki, na hata huko hakuacha ualimu, aliwajua wagonjwa wenzake wote na mahali babu zao walikotoka, na wauguzi wametuambia kwamba chumba chake ndicho kilichokuwa na kelele kuliko vyote. Mwezi wa Juni mwaka huu hali ilibadilika. Mzee Meitamei aliwaacha ng'ombe waliobaki na vijana kuelekea Kimana kutafuta majani, akaja kukaa kando ya kitanda chake, na alipomwambia mkewe kwamba wengi wameanguka, mama alimshika mkono akamuuliza majina yao, mmoja mmoja, kama ilivyo heshima ya mfugaji.

Wakati huo redio zilikuwa zikitangaza habari za sensa, na Ndeti alimuuliza kwa mzaha, "Mama, hao watu wakifika wakiuliza kabila, tuseme nini? Sisi tuko nusu nusu." Alikuwa amefumba macho tukadhani hakusikia. Akayafumbua, akasema, "Nusu ni ya mtu aliyekatwa. Ninyi nani aliwakata?" Kisha akacheka kile kicheko kilichomfanya aletwe Isinya mwaka 1973, na hayo yalikuwa miongoni mwa maneno yake ya mwisho tuliyoyasikia vizuri. Aliaga dunia asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 2009, jua likiwa limeshachomoza, mumewe na watoto wake wote watatu wakiwa naye, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa karibu miaka miwili na kuvumilia maswali yake, inawashukuru walimu wenzake wakiongozwa na Mwalimu Dalmas, ambaye alikuja hospitalini kila Jumapili akiwa na gazeti na ubishi mpya, inamshukuru mama Jane Achola na akina mama wa ukumbi wa mabati waliopika tangu siku ya msiba bila kuulizwa na mtu, Mzee Githongo na vijana wa kanisa waliosimamisha mahema, jamaa wa Mwala na wa Isinya ambao leo wamekaa wamechanganyikana hata hatuwezi kujua upande upi ni upi, na wanafunzi wake wote, wakiwemo waliotoroka. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na ndugu wawili. Kama kuna jina tumelisahau, tusamehewe, yeye asingelisahau.

Jumatatu ijayo makarani wa sensa watapita katika boma letu, watatuuliza ni wangapi waliolala humu, nasi tutataja idadi, na itakuwa pungufu kwa mmoja. Tutajibu kwa ukweli, kwa sababu ndivyo alivyotulea. Lakini wakishaondoka na kufunga lango, tutakaa mezani, muthokoi na maziwa, na Mzee wetu atatuhesabu tena kwa hesabu yake, akianza na mama.

Tulia sasa, Mwalimu, Ngoto Soipan, mwaitu, mama yetu, pumzika katika amani ya Bwana uliyemtumikia, na asante kwa kukubali kuja huku.